Mkongwe wa vita ni nani mbele ya sheria?

Mhariri,

Kila inapokaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, magazeti yetu hujaa picha za wazee waliovaa medali, na chini ya picha huandikwa maneno yale yale: mkongwe wa vita. Huandikwa hivyo kwa mgambo aliyetembea kwa miguu kuelekea Kampala, kwa karani wa stoo aliyestaafu bila kuvuka mpaka wowote, kwa askari aliyerudi juzi kutoka Kongo, na hata kwa aliyemaliza JKT akarudi kulima viazi Isyonje. Heshima hiyo hatuna kinyongo nayo. Tatizo ni kwamba familia hukata ile picha, huiweka kwenye bahasha pamoja na cheti cha kifo, na kwenda nayo ofisini kuuliza mafao ya mkongwe yanadaiwa dirisha gani.

Sisi ni wasaidizi wa kisheria hapa Uyole. Viapo, mirathi na barua za namna hii ndizo kazi zetu za kila wiki, na tunaomba nafasi tueleze jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha.

Sheria, pale ilipotungwa kwa uangalifu, haiulizi kama mtu alivaa gwanda. Inauliza aliapishwa katika jeshi gani, aliitwa kazini kwa amri ya nani, alikuwa huko siku ngapi na katika tarehe zipi, aliondokaje, na ni karatasi gani inayosema yote hayo. Jibu moja likikosekana, mtu aliyepigiwa saluti uwanjani asubuhi anakuwa raia wa kawaida dirishani mchana.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mstaafu ni aliyetimiza masharti ya utumishi akaondoka na kiinua mgongo na pensheni yake. Huenda hakuwahi kusikia mlio wa risasi nje ya uwanja wa shabaha. Mpiganaji ni aliyekuwa vitani. Huenda alitumikia miezi minane tu, akarudishwa kijijini bila pensheni hata ya siku moja. Mkongwe, kwa maana ya watunga sheria, ni neno la tatu: ni hadhi anayopewa mtu baada ya kumaliza utumishi, akiwa ametimiza vipimo vilivyoandikwa. (Mitaani kwetu "veterani" ni mchezaji wa zamani anayecheza bonanza la Jumapili, na hilo nalo limeongeza mkanganyiko.) Mtu mmoja anaweza kuwa yote matatu, au mawili, au asiwe lolote ingawa alilala kambini.

Marekani ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika kupima, na sheria yake inafaa kusomwa hata na asiyetarajia kufika huko; tena asiye raia mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kujiunga na jeshi lile, kwa hiyo jambo hili linaweza kuingia hata nyumba ya Tukuyu au Makambako. Sehemu ya 38 ya sheria zao, kifungu cha 101, inasema mkongwe ni mtu aliyekuwa katika utumishi kamili wa kijeshi, kisha akaondoka kwa namna ambayo si ya fedheha. Sentensi ni fupi, lakini kila neno lake lina mlango wake wa kumtoa mtu nje.

Chukua hayo maneno "utumishi kamili". Wenzetu wale wana Walinzi wa Taifa, askari wa majimbo ambao siku nyingi ni walimu, mafundi na madereva. Gavana akimwita mmoja wao kwa sheria ya jimbo kuokoa watu kwenye mafuriko, siku hizo hazimfanyi mkongwe kwa sheria ya taifa. Rais akimwita kwa Sehemu ya 10 ya sheria, zinahesabiwa. Katikati ipo Sehemu ya 32, ambapo gavana ndiye anayeamuru lakini serikali kuu ndiyo inayolipa, na hapo inabidi kuangalia ni kazi gani hasa aliyoitiwa. Mafunzo ya mwisho wa wiki hayahesabiwi, isipokuwa aliumia katika mafunzo hayo akabaki na ulemavu. Gwanda ni lile lile, buti zile zile, sajini yule yule. Kilichobadilika ni namba ya sheria iliyoandikwa kwenye karatasi ya wito. Hadi mwaka 2016 mtu aliweza kukaa kwenye jeshi la akiba miaka 20, akafikia pensheni, na bado sheria isimwite mkongwe kwa sababu hakuwahi kuitwa kwenye utumishi kamili. Bunge lao likarekebisha: sasa anaruhusiwa kuitwa hivyo kwa heshima, ila jina lenyewe halimwongezei mafao.

Halafu yapo masharti ya muda. Aliyejiunga baada ya tarehe 7 Septemba 1980, ili apate mafao mengi, anatakiwa awe ametumikia miezi 24 mfululizo au kipindi chote alichoitiwa. Aliyeondolewa mapema kwa ulemavu alioupata kazini anasamehewa sharti hilo.

Namna ya kuondoka ndiyo inayoumiza wengi. Hati zao ni za ngazi tano: ya heshima, ya jumla chini ya masharti ya heshima, ya masharti yasiyo ya heshima, ya mwenendo mbaya, na ya fedheha. Mbili za mwisho hutolewa na mahakama ya kijeshi. Ile ya tatu hutolewa kiutawala, bila kesi, na askari wengi huisaini wakidhani wamepona kwa kukwepa mahakama. Miaka kadhaa baadaye, akiomba matibabu, idara ya wakongwe hulifungua faili lake upya na kuamua yenyewe kama kuondoka kwake kunamzuia. Anayeona alionewa ana miaka 15 ya kwenda kwenye bodi ya mapitio kwa fomu namba DD 293. Muda huo ukipita inabaki bodi ya masahihisho ya kumbukumbu, fomu DD 149, inayotaka maombi ndani ya miaka 3 tangu kosa ligundulike, ingawa ina mamlaka ya kusamehe aliyechelewa.

Karatasi inayobeba yote haya inaitwa DD 214. Hapa tungependa familia zenye kijana huko ziweke alama. Hati hiyo hutolewa kwa nakala kadhaa. Nakala namba 1 haionyeshi ngazi ya kuondoka wala sababu. Nakala namba 4 inaonyesha. Mtu akitunza namba 1 peke yake na kuipeleka ofisini, atarudishwa, na hataelewa kwa nini, kwa sababu machoni pake ni hati halali yenye jina lake.

Jambo lao jingine ambalo sisi Watanzania tunapaswa kulisoma mara mbili ni tarehe za vita. Pensheni yao ya wakongwe wenye kipato kidogo hutolewa kwa aliyetumikia walau siku moja ndani ya kipindi ambacho sheria imekiita cha vita. Kipindi cha Vietnam kinaishia tarehe 7 Mei 1975. Kipindi cha Ghuba kinaanza tarehe 2 Agosti 1990. Kati ya hapo, miaka 15, kwa sheria hiyo hakukuwa na vita. Askari aliyeruka kwa mwavuli Grenada Oktoba 1983, akajeruhiwa kwa risasi huku wenzake wakifa kando yake, akaacha jeshi mwaka 1988, si mkongwe wa kipindi cha vita kwa pensheni ile. Fidia ya jeraha anaweza kuipata kwa njia nyingine, lakini mlango huu umefungwa. Mwenzake aliyepiga chapa kambini Agosti 1990, bila kuondoka Marekani, ameingia. Tarehe ikishaandikwa kwenye sheria haina huruma.

Uingereza wamechagua njia nyepesi: aliyetumikia jeshi lao hata siku moja kwa malipo, awe wa kudumu au wa akiba, anaitwa mkongwe, pamoja na mabaharia wa meli za biashara waliokuwa katika operesheni za kijeshi zilizotajwa kisheria. Ni ukarimu wa jina. Mafao yenyewe yana vipimo vingine.

Kwetu sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini, mifano ya karibu zaidi ni ya Zimbabwe na Afrika Kusini, kwa sababu vita vyao vilipita kwenye ardhi yetu. Mgagao, ambayo leo iko wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, ilikuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa ZANLA, jeshi la ukombozi la chama cha ZANU cha Zimbabwe, na Oktoba 1975 maofisa wa kambi ile waliandika tamko lililomsafishia njia Robert Mugabe kushika uongozi wa chama. Chunya nako kulikuwa na kambi ya wapiganaji wa PAC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Waliopita huko hawakuwa na jeshi la serikali, hawakuwa na hati ya kuachishwa, na wengi walitumia majina ya vitani ambayo wazazi wao hawakuyajua. Nchi zao zilipopata uhuru zikakabiliwa na swali lile lile: tunamjuaje?

Zimbabwe ilijibu mwaka 1992. Sheria yake ilisema mkongwe ni aliyepata mafunzo ya kijeshi na kushiriki kwa uthabiti na bila kukoma katika mapambano, ndani ya nchi au katika nchi jirani, kati ya tarehe 1 Januari 1962 na 29 Februari 1980. Angalieni hilo neno "na". Aliyepata mafunzo akatoroka hakuingia. Mwanakijiji aliyewapikia wapiganaji na kuwabebea risasi usiku miaka mitano, bila kufundishwa bunduki, naye hakuingia. Mwaka 1997, baada ya shinikizo kubwa, serikali iliahidi dola 50,000 za Zimbabwe kwa kila mkongwe, fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti, na tarehe 14 Novemba mwaka huo sarafu yao iliporomoka ndani ya siku moja. Wale wapishi, wachukuzi, wafungwa wa kisiasa na vijana wa kupeleka habari walisubiri hadi sheria mpya ya mwaka 2020 ndipo wakatajwa.

Afrika Kusini iliandika yake mwaka 2011, Sheria namba 18. Inamhesabu aliyetumikia jeshi lolote, la serikali au la ukombozi, katika pande zote za vita ya ukombozi kuanzia 1960 hadi 1994. Aliyekuwa jeshi la Muungano wa Afrika Kusini, kama nchi ile ilivyoitwa, kabla ya 1961. Na aliyejiunga na jeshi jipya baada ya 1994. Mradi amemaliza mafunzo ya kijeshi, hayumo tena jeshini, na hakufukuzwa kwa fedheha. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote tulizozisoma, kwa sababu inamtaja aliyekuwa msituni kwa kipimo kile kile cha aliyekuwa kambini mwenye mshahara. Ugumu ulibaki kwenye daftari la majina. Asiyekuwemo humo, au aliyemo kwa jina la vitani asiloweza kuthibitisha kuwa ni lake, anahangaika.

Sasa turudi nyumbani.

Mei 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey liliingia Tukuyu ya Wajerumani kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, na mwisho wa Agosti lilikuwa Iringa. Barabara za magari hazikuwepo. Unga, risasi na mizinga iliyofunguliwa vipande vilisafiri juu ya vichwa vya watu wa nyanda hizi na wa ng'ambo ya Songwe. Askari wa pande zote mbili walikuwa na namba, mshahara na jina kwenye orodha. Mpagazi alikuwa kibarua. Wapagazi waliokufa kwa kuhara, njaa na baridi ni makumi ya maelfu, wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi, na jina lao la pamoja, Carrier Corps kwa Kiingereza, limebaki kwenye soko la Dar es Salaam, Kariakoo. Sheria ya wakati ule iliamua nani ni askari siku ya kuandikisha, na baada ya hapo hakuna kilichoweza kubadilisha, hata kifo njiani na mzigo kichwani.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa wazee wa huku kwetu waliokuwa askari katika jeshi la Wajerumani, na waliokuwa bado hai, malimbikizo yao. Husimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee wengi na wachache tu ndio waliokuwa na karatasi; mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na kila mzee akaushika ufagio kama bunduki bila kukosea. Kisa hicho hupendwa sana. Lakini kama kipimo cha kisheria kina kasoro kubwa: mjane hawezi kufanya gwaride la marehemu mumewe, na mpagazi hakufundishwa gwaride.

Kosa lile la 1916 ndilo tunaloogopa kulirudia kwa waliopigana vita vya Kagera.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, ambayo sasa ni Sura ya 192. Ilitungwa kuendesha jeshi: uandikishaji, nidhamu, vyeo, mahakama za kijeshi. Haikutungwa kumweleza mkongwe. JKT ina sheria yake nyingine, Sura ya 193, na ndiyo maana kijana aliyemaliza miezi mitatu ya mujibu wa sheria pale Mafinga au Itende hajawa askari wa JWTZ. Akija kuchukuliwa jeshini anaanza upya, mafunzo mengine, kiapo kingine, namba nyingine. Mgambo naye yuko kwenye sheria zake. Anafundishwa wilayani, anaratibiwa na Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, na siku nyingi za maisha yake analinda benki, ghala la mbolea au soko la Mwanjelwa. Kulinda soko hakumfanyi mkongwe wa vita, na hatudai iwe hivyo.

Lakini mwaka 1978 mgambo aliitwa kwa kazi nyingine. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Jeshi la kudumu halikutosha. Makumi ya maelfu ya mgambo waliandikishwa wilayani, pamoja na polisi, askari magereza na vijana wa JKT, wakapewa mafunzo ya haraka, wakapelekwa mbele. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni kwenye mpaka wa Sudan. Wengine waliingizwa JWTZ moja kwa moja. Hao leo ni wastaafu na faili zao zipo. Wengine walirudishwa Mbozi, Rungwe, Ludewa na Mufindi kushika jembe. Hao ndio wanaoangukia kwenye ufa: si wastaafu, kwa sababu hawakutimiza miaka, si askari wa JWTZ, kwa sababu hawakupewa namba ya JWTZ, na daftari la mgambo la wilaya wakati mwingine lilibaki kwenye wilaya mama, wilaya ilipogawanywa.

Inatuuma kwamba kijana wa Kizimbabwe aliyefundishwa Mgagao ana kifungu cha sheria Harare kinachomtaja, na mgambo wa Kilolo, aliyezaliwa mwendo wa asubuhi moja kutoka kambi ile, hana chake hapa.

Sheria ikija kuandikwa, na tunaomba wabunge wa mikoa yetu waianzishe, tarehe ziangaliwe kuliko chochote. Ikianza tarehe 2 Novemba, askari waliokufa Kagera siku za mwisho za Oktoba wanabaki nje. Ikiishia siku Kampala ilipoanguka, waliokwenda hadi Arua hawamo. Ikiishia Juni 1979, waliobaki Uganda hadi 1981 wanahitaji maneno yao. Na Kagera siyo pekee: askari wetu walikuwa Msumbiji miaka ya 1980, Anjouan huko Komoro Machi 2008, Darfur, na Kongo, ambako zaidi ya 10 waliuawa Semuliki kwa usiku mmoja Desemba 2017. Kwa walinda amani ushahidi ni rahisi kidogo, maana Umoja wa Mataifa hutoa medali yake kwa aliyetimiza siku 90 kwenye misheni. Aliyejeruhiwa siku ya 60 akarudishwa nyumbani asipotezwe na kipimo hicho. Madereva wa malori ya raia yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita nao wafikiriwe. Marekani waliwakumbuka wanawake marubani wa Vita ya Pili ya Dunia mwaka 1977 na mabaharia wa meli za mizigo mwaka 1988, zaidi ya miaka 30 na 40 baadaye. Sisi muda huo umeshapita.

Wakati tunasubiri sheria, ushahidi unaoza sandukuni, na hapa tunataka kusema polepole kwa wenye wazee nyumbani.

Tafuteni karatasi ya jeshi au ya mgambo leo, mzee akiwa hai. Kinachotafutwa ni namba ya jeshi (kwa askari wa JWTZ huanza na herufi MT), kikosi na namba yake ya KJ (Kikosi cha Jeshi), tarehe ya kuandikishwa, tarehe ya kuondoka, cheo na sababu ya kuondoka. Medali peke yake haitoshi: medali hurithiwa, huuzwa na huokotwa. Picha yenye gwanda haitoshi kabisa. Rungwe mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka na sanduku la bati hutoa jasho kwa ndani. Karatasi iliyokunjwa mara nne huanza kuchanika pale pale mkunjo unapopita, na mara nyingi mkunjo wa katikati hupita juu ya namba. Inyoosheni, iwekeni kwenye faili la plastiki mahali pakavu, toeni nakala tatu na zithibitishwe na wakili au hakimu. Msiipige laminesheni. Hati iliyofunikwa plastiki haiwezi kugongwa muhuri tena, na mkaguzi hawezi kuipapasa kuona kama muhuri wa zamani ulibonyea kwenye karatasi au ulichorwa.

Kisha linganisheni majina. Hili ndilo linaloangusha madai mengi kuliko yote. Karani wa kuandikisha mwaka 1978 aliandika alivyosikia. Mwakalinga akawa Mwakaringa. Herufi moja, na kwa kompyuta ni watu wawili. Mwingine aliandikishwa kwa jina la ubatizo na la baba, leo kitambulisho chake cha NIDA kina jina la ukoo. Mwingine alijiongezea miaka miwili ili achukuliwe. Mzee akiwa hai, dawa ni kiapo cha majina mbele ya kamishna wa viapo, yeye mwenyewe akisema majina yote mawili ni yake na kwa nini yakatofautiana. Ni kazi ya asubuhi moja. Akishafariki, anayeapa ni mtoto, na mtoto hawezi kuapa juu ya alichofanya karani kabla hajazaliwa.

Msiba ukitokea, kabla ya kusajili kifo RITA, fungueni sanduku mwone jina lilivyoandikwa jeshini. Tumeona vyeti vya kifo vyenye jina la utani la kijijini, na baada ya hapo kila karatasi inapigana na mwenzake. Mirathi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo kwa Fomu namba 1, mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu namba 5, na baadaye hesabu ya mgawanyo kwa Fomu namba 6. Madai yanayofuatiliwa jeshini yaandikwe kwenye orodha ile hata kama hayajalipwa. Yakiachwa, fedha ikija baadaye inazua kesi mpya kati ya ndugu.

Kwa mgambo asiye na karatasi yoyote, kinachobaki ni viapo vya wenzake, na viapo vingi tunavyoletewa havifai. "Namfahamu, ni mkongwe wa vita vya Kagera" hakithibitishi chochote, ni maoni. Kiapo kinachofaa kinasema muapaji aliandikishwa wapi na mwezi gani, alifundishwa kambi ipi, alikuwa kombania na platuni ipi, nani aliiongoza, alimwona fulani wapi kwa macho yake, na waliachana lini. Mambo ya namna hiyo yanaweza kupimwa. Daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera, kwa mfano, lililipuliwa na Waganda tarehe 3 Novemba 1978. Anayeapa kwamba alivuka juu ya daraja lile zima Desemba anaharibu kiapo chake chote, na aliyevuka kweli atakumbuka daraja la muda. Alichosikia kwa wengine akiseme kuwa amesikia, na amtaje aliyemwambia, la sivyo aya hiyo itafutwa.

Hatuombi jambo geni. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza ghala la kumbukumbu za jeshi la Marekani mjini St. Louis, mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, na mengi hayakuwa na nakala. Hawakuwaambia wazee kwamba bila faili hakuna utumishi. Walikubali orodha za mishahara, ripoti za kila asubuhi za kombania, kumbukumbu za hospitali na viapo vya wenzao, kisha wakatoa cheti mbadala. Sisi tuna orodha za mgao wa chakula, daftari za hospitali za wilaya, vitabu vya mahudhurio ya mgambo na wazee wachache waliobaki. Mshauri wa Mgambo na mtendaji wa kata wakikaa mezani siku moja kwa kila kata, wakawaita waliobaki, wakaandika maelezo yao na kuyasoma kwa sauti mbele ya wenzao waweze kupinga, daftari linapatikana. Aliyekuwa na miaka 20 alipovuka Kyaka alizaliwa mwaka 1958.

Na wewe, Mhariri, tunakuomba hili kwa Julai ijayo. Mwandishi wako anapompiga picha mzee, amuulize jeshi gani, kikosi gani, aliingia lini, aliondoka lini, na kama anayo karatasi. Kisha aandike chini ya picha majibu hayo badala ya maneno mawili yale. Akiwa mgambo, iandikwe mgambo, na jina la wilaya iliyomwandikisha. Kipande hicho cha gazeti, chenye tarehe na maelezo aliyoyatoa mwenyewe akiwa hai, tutakiambatisha kwenye kiapo.

Wasaidizi wa kisheria wa kujitolea,
Uyole, Mbeya.